Ngoma ya hewani yaweza kuumiza mkono

MAMA mmoja alimleta kwangu kliniki mwanawe wa miaka 14 ambaye hakuweza kufungua kifuniko cha chupa kwa maumivu ya mkono wa kulia. “Daktari, hajaanguka wala hajapigana na mtu,” alisema. Alikuwa amempa tembe za maumivu kwa juma zima bila nafuu.

Nilipomdadisi kijana, kiini kilijitokeza. Tangu shule zifungwe alikuwa akicheza Taiko no Tatsujin, mchezo wa video wa kupiga ngoma kutoka Japani, saa nne kila siku. Alipomeza tembe na uchungu kutulia, alirudi kucheza.

Mchezo huo ulianza mwaka wa 2001 katika mashine kubwa zenye ngoma ya kupigwa kwa vijiti viwili. Mwaka wa 2018 ulitolewa kwa mtambo wa Nintendo Switch, ambapo mchezaji aweza kucheza bila ngoma: hushika kidhibiti kidogo katika kila mkono na kupiga hewani, akifuata alama zinazopita kwenye televisheni. Kila kidhibiti kina uzani wa gramu 50 hivi.

Je, kitu chepesi hivyo chawezaje kumdhuru mtu? Apigaye ngoma halisi husaidiwa na ngozi ya ngoma, kwani kijiti kikigonga hurudishwa juu. Hewani hakuna ngozi. Ni misuli yako inayousimamisha mkono na kuurudisha, tena mamia ya mara katika wimbo mmoja.

Kano mbili za kidole gumba hupita ndani ya ala nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Zikitumiwa kupita kiasi, ala hiyo hunenepa na kuzibana. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza ugonjwa huu mwaka wa 1895. Huwapata pia akina mama wanaobeba watoto wachanga.

Jipime hivi: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha pinda ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukihisi maumivu makali chini ya kidole gumba, huenda ni ugonjwa huu.

Dawa ya kwanza ni kuacha mchezo na kupumzisha mkono. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Mwone daktari iwapo hakuna nafuu baada ya wiki 2 au vidole vinakufa ganzi. Kifundo kikivimba na kuwa moto, nawe una homa, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Kijana wetu alifungwa kifaa cha kushikilia kidole gumba kwa wiki 4, akapona.

Mzazi, si lazima uufungie mchezo kabatini. Watengenezaji wenyewe hushauri mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kila saa. Mfundishe mtoto kushika kidhibiti bila kukikaza, kuvaa kamba yake mkononi, na kupiga kwa mwendo mfupi. Aliyewahi kupatwa na kifafa amwone daktari kabla ya kucheza, kwani mianga inayometameta huweza kukichochea.

Na mtoto akilalamika kwamba mkono unauma, muulize kwanza alicheza muda gani, kabla ya kumpa tembe.