Mtoto Hurithi kwa Wazazi Wote Wawili

Ndugu msomaji, katika mkoa wa Tabora, kama katika mikoa mingine ya Tanzania, hutokea baba na mama weusi wakapata mtoto mwenye ualbino. Si mara chache mama hushutumiwa kwamba amezini, au kwamba ukoo wake una laana. Je, elimu ya viumbe yasemaje?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno. Katika chembe hizo mna kromosomu 46, yaani jozi 23, nazo huchukua jeni, ambazo ni maagizo ya urithi. Lakini yai la mama lina kromosomu 23 tu, na mbegu ya baba vivyo hivyo. Zinapoungana, hutimia 46. Hivyo, kwa karibu kila sifa ya mwili, mtoto hupokea jeni mbili: moja ya baba na moja ya mama.

Tuchukue mfano. Katika karne ya 19 wapagazi walitoka Bagamoyo wakapita Tabora hadi Ujiji. Mpagazi aliyekabidhiwa robota lililokwisha fungwa aliweza kulifikisha mbali bila kuona kilichomo. Kadhalika mtu huweza kubeba jeni moja ya ualbino maisha yake yote asijue, kwa sababu jeni ya pili iliyo nzima yatosha kuipa ngozi rangi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya mtoto kurithi jeni zote mbili za ualbino. Haina maana kwamba lazima awe mtoto wa nne. Hesabu huanza upya kwa kila mimba.

Inakadiriwa kuwa nchini Tanzania mtu 1 katika kila 1,400 ana ualbino. Kasoro hiyohiyo ya jeni imeonekana pia Kameruni na Afrika Kusini, dalili kwamba ni urithi wa kale sana, wala si laana ya nyumba moja.

Basi, ndugu msomaji, rangi ya mtoto huyo si ushahidi wa zinaa. Baba amfukuzaye mkewe akumbuke kwamba nusu ya mzigo aliubeba yeye. Wajibu wa wote wawili ni kumkinga mtoto na jua kali kwa kofia pana na nguo za mikono mirefu, maana ngozi yake hupata saratani upesi, na kumpeleka shule kama wenzake.