Sarafu za Kale na Ukingo wa Dhahabu

Huko Ilemela, katika mji wa Mwanza, kipo kiwanda cha kusafishia dhahabu kilichofunguliwa mwezi wa Juni mwaka 2021. Humo dhahabu huyeyushwa kwa moto mkali na kuondolewa takataka zake, hata ibaki dhahabu tupu. Haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1064. Fedha huyeyuka mapema kidogo, kwa digrii 962. Dhahabu haipati hasara kwa kuyeyushwa. Kama ilikuwa punje ya mchimbaji wa Geita, au pete iliyovunjika, ikitoka motoni thamani yake ni ile ile, maana mnunuzi hutazama uzito na usafi wake tu.

Walakini kipo kitu cha madini kisichostahili moto huo, nacho ni sarafu ya kale. Sarafu ina mali mbili: madini yake na maandishi yake. Moto huyaacha madini, bali maandishi huyala yote. Tena maandishi hayo yakipotea, hapana fundi awezaye kuyarudisha.

Tazama fedha za Uajemi. Wafalme wa ukoo wa Sasani walitawala nchi ile tangu mwaka 224 hata mwaka 651. Sarafu yao ya fedha ilikuwa pana na nyembamba, yenye uzito wa gramu 4 hivi. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme. Na kwa kuwa kila mfalme alikuwa na taji la namna yake, wenye elimu huweza kumtambua kwa taji peke yake. Upande wa pili palikuwa na madhabahu ya moto na walinzi wawili. Baadaye ziliongezwa alama za mwaka wa utawala na za mji sarafu ilipopigwa.

Waarabu walipoishinda Uajemi, hawakuiacha fedha ile mara moja. Kwa miaka mingi ziliendelea kupigwa sarafu zenye sura ya mfalme Khusrau, na ukingoni zikaandikwa kwa Kiarabu, “Bismillahi”. Kisha, yapata mwaka 698, Khalifa Abdul-Malik alitoa dirhamu mpya zisizo na sura yo yote, ila maneno matupu. Basi mtu akizipanga fedha hizo mezani kwa taratibu ya miaka, ataona kwa macho yake jinsi dola moja ilivyoondoka na nyingine ikashika mahali pake. Habari kubwa namna hiyo imechukuliwa na kipande chepesi kuliko kijiko.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina fedha zake. Mwaka 1984, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, palichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2000, ndogo na nyembamba, pamoja na dinari chache za dhahabu. Fedha hizo zina majina ya watawala wa pwani, miongoni mwao Ali bin al-Hasan. Tena maneno ya upande mmoja yana vina sawa na ya upande wa pili, kama mistari ya shairi. Moja ya dinari zile ni ya mwaka 1066. Kwa hiyo yajulikana kwamba akiba ile haikufichwa ardhini kabla ya mwaka huo. Na kwamba watu wa pwani walikuwa na fedha za watawala wao wenyewe zamani sana, kabla Wareno hawajafika mwaka 1498.

Sasa fikiri. Kama fedha hizo zingaliangukia mikononi mwa mtu asiyejua, akazipeleka kuuzwa kwa uzito, zingalitoa vikuku kadha wa kadha, basi. Vikuku vingalivaliwa, vikachakaa, vikayeyushwa tena. Na majina ya watawala wale yasingalisomwa na mtu.

Si kwamba kuvaa fedha ni kosa. Katika Kiswahili neno “fedha” ni jina la madini, na ni jina la mali pia. Wala si ajabu, kwa sababu watu wa kale walivaa akiba yao. Mwaka wa njaa, mkufu uliuzwa. Reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, iliendelea kupigwa kwa tarehe ya mwaka huo huo hata baada ya kufa kwake. Ilikuwa na uzito wa gramu 28, na sehemu 5 katika 6 zilikuwa fedha safi. Wafanya biashara waliipokea Unguja, Arabuni na Uhabeshi, na wanawake wa Omani waliitungika katika vidani vyao. Wadachi walipotawala Tanganyika, rupia yao ya fedha ilifika hata Mwanza. Baada ya utawala wao kwisha, shilingi ilishika mahali pake tangu mwaka 1921. Rupia ikakoma kupokelewa dukani. Lakini vipande vyake vyenye tundu au alama ya kiungo, vilivyogeuzwa pambo, vingaliko hata leo.

Basi sonara hufanyaje apatapo sarafu ya kale ya kuvaliwa? Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuitoboa. Ni rahisi, lakini tundu huweza kukata jina la mfalme au mwaka wake. Ya pili ni kuiunganisha na mkufu kwa lehemu. Hapo joto huharibu uso wa sarafu, na alama yake haitoki. Ya tatu ndiyo bora. Sonara hukata ukanda mwembamba wa dhahabu, huupinda uwe duara, huunganisha ncha zake na kuutia kipete cha kupitishia mkufu. Kazi yote ya moto humalizika kabla sarafu haijatiwa. Ndipo huiweka fedha ndani, na kuukunja mdomo wa ukanda polepole mpaka uishike pande zote. Dhahabu yafaa kwa kazi hiyo kwa kuwa ni laini, hukubali kupindwa, wala haishiki kutu. Sarafu haikutobolewa wala haikuungua. Siku yo yote ukanda ukifunguliwa, itatoka nzima, na pande zake zote mbili zasomeka.

Tena fedha ya kale isisuguliwe kwa mchanga wala majivu. Weusi wake watoka katika kiberiti kilichomo hewani, nao hauili sana; bali mchanga hukwangua maandishi.

Na mtu akilima shamba au akichimba msingi, akaona sarafu za kale, asiziyeyushe wala asizigawe. Aziache mahali pake, akawape habari wenye mamlaka. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, nayo yalinda vitu vya namna hiyo. Mahali sarafu ilipolala, na vitu vilivyolala pamoja nayo, ni sehemu ya habari yake. Dhahabu nyingine itachimbwa Geita. Lakini sarafu ya Ali bin al-Hasan ikiisha kuyeyuka, haichimbwi mara ya pili.

MASWALI

1. Kwa nini dhahabu haipati hasara ikiyeyushwa, na sarafu ya kale hupata?
2. Fedha za Uajemi zatuonyeshaje kubadilika kwa utawala?
3. Dinari ya mwaka 1066 yatujulisha nini juu ya akiba ya Mtambwe Mkuu?
4. Eleza njia tatu za kuvaa sarafu, na sababu ya ile ya tatu kuwa bora.
5. Waulize wazee wa kwenu: zamani watu walivaa mapambo gani yaliyokuwa pia akiba yao?