Saratani ya Mlango wa Kizazi na Dawa za “Kusafisha Kizazi”

Katika masoko na vituo vya daladala vya Temeke na Kinondoni huuzwa chupa na vidonge vinavyodaiwa kusafisha kizazi na kuponya saratani. Kabla hujatoa fedha yako, fahamu namna saratani hii inavyoanza.

Kinachotokea ndani ya seli

Kila seli hutengeneza protini na kuzivunja zisizohitajika. Mkazi wa Dar es Salaam anafahamu kuwa nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara huchorwa alama ya X kabla ya kubomolewa. Seli nayo hubandika alama iitwayo ubikwitini kwenye protini inayopaswa kuondolewa, kisha mtambo uitwao proteasomu huikatakata. Waliogundua utaratibu huo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Miongoni mwa protini zetu imo p53, mlinzi wa seli. Jeni zinapoharibika, p53 huwasha jeni nyingine zinazoizuia seli kugawanyika hadi irekebishwe. Ikishindikana, seli hiyo hufa.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV. Aina ya 16 na 18 huchangia takriban asilimia 70. Virusi hivyo huzalisha protini iitwayo E6, ambayo huifanya seli imbandike mlinzi wake mwenyewe alama ya kubomolewa. p53 ikishavunjwa, jeni za ulinzi haziwashwi tena, na seli iliyoharibika huendelea kuongezeka. Kwa kawaida hali hiyo huchukua miaka mingi, bila maumivu.

Maana yake kwako

Chanzo cha saratani hii si uchafu unaoweza kuoshwa. Anayenunua chupa hizo hupoteza fedha, lakini hasara kubwa zaidi ni muda, kwa kuwa mabadiliko ya awali hutibika yakigunduliwa mapema.

Mambo ya kuzingatia

1. Mpeleke binti yako mwenye umri wa miaka 9 hadi 14 akapate chanjo ya HPV. Hutolewa bila malipo, na ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

2. Mwanamke mwenye umri wa miaka 30 hadi 50 apime hata kama hana dalili. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi, kwa ushauri wa mtoa huduma.

3. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, nenda hospitali bila kuchelewa.

4. Usiache matibabu uliyoandikiwa, pamoja na yale ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa ahadi ya muuzaji.

5. Ukiuziwa dawa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya usajili au tarehe ya mwisho wa matumizi, usiitumie. Hifadhi kifungashio chake na utoe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).