Agogwe na Mumbonelekwapi: Maswali na Majibu

Agogwe ni viumbe gani?
Ni viumbe wa masimulizi ya Tanzania ya kati: wafupi, wanaotembea wima kama watu, wenye manyoya ya hudhurungi mwilini. Aliyewatangaza ni William Hichens, ofisa wa kikoloni aliyewahi kuwa hakimu Lindi, ambaye wapenzi wa ushairi wanamfahamu zaidi kwa kuhariri Al-Inkishafi (1939).

Hichens aliona nini?
Katika jarida la Discovery la Desemba 1937 alieleza kuwa, alipokuwa akivizia simba mla watu magharibi mwa mbuga ya Wembere, viumbe wawili wa kimo cha futi 4 hivi walichomoza msituni, wakakatiza uwazi na kutokomea upande wa pili. Mwindaji mwenyeji aliyekuwa naye alimwambia hao ndio agogwe, na kwamba si kila mtu hujaliwa kuwaona maishani.

Je, masimulizi ya aina hiyo yapo kusini?
Yapo kwa Wayao, ambao makazi yao yanafika hadi Nachingwea na wilaya jirani. Padri Yohanna Abdallah, katika kitabu chake Chiikala cha Wayao (1919), anawataja Mumbonelekwapi, watu wafupi mno na wepesi wa hasira. Ukikutana na mmoja wao, hukuuliza umemwona ukiwa wapi. Ukijibu "hapa hapa", ataona umemdharau kwa ufupi wake, na atakudhuru. Ukijibu "tangu kule mbali", hufurahi na kukuacha upite. Wazulu nao wana kisa kama hicho kuhusu Abatwa, watu wadogo sana wa masimulizi yao.

Sayansi inasemaje?
Mwaka 1955 mwanazuolojia Bernard Heuvelmans alipendekeza kuwa agogwe huenda ni masalia ya australopithecus, jamii ya kale iliyo karibu na binadamu. Jamii hiyo iliishi nchini kweli: nyayo za Laetoli, zinazoaminika kuwa zake, zina umri wa miaka milioni 3.6. Ila ilitoweka zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na hakuna mfupa, ngozi wala picha ya agogwe iliyopatikana. Nyani aliyesimama kwa miguu miwili, akionekana kwa mbali, anaweza kumpotosha hata mwindaji mzoefu.

Kwa hiyo masimulizi haya yachukuliwe vipi?
Habari ya Hichens ni ushahidi wa macho; bila mabaki haithibitiki. Kisa cha Wayao hakihitaji mabaki: kinafunza adabu, kwamba mtu hadharauliwi kwa kimo chake.