Somo la Jumapili: Aliyebaki wa Mwisho

Maandiko ya kusoma nyumbani: Yohana 15:12-13 na Luka 13:1-5

Barabara ya M7 inayotoka Bluff, ikapita hapa kwetu Queensburgh hadi Pinetown, wengi wetu tunaipita kila siku kwenda kazini. Upande wa Bluff, sehemu yake inaitwa Solomon Mahlangu Drive. Wenzetu waliotoka Tanzania wanalijua jina hilo, maana huko Mazimbu, Morogoro, ANC walijenga shule wakaipa jina la kijana huyo aliyenyongwa mwaka 1979 akiwa na miaka 22. Kabla ya hapo barabara hiyo iliitwa Edwin Swales VC Drive. Somo la leo linamhusu huyo wa kwanza.

Swales alikuwa nani?

Edwin Swales alizaliwa Inanda mwaka 1915, akasoma Durban High School, kisha akafanya kazi benki. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, alitumika katika kikosi cha Natal Mounted Rifles huko Kenya, Ethiopia na Afrika Kaskazini. Mwaka 1942 alihamia jeshi la anga. Kufikia 1944 alikuwa Uingereza, katika kikosi namba 582, ambacho kazi yake ilikuwa kutangulia usiku na kuwawekea marubani wengine alama za taa mahali pa kuangusha mabomu.

Usiku wa tarehe 23 Februari 1945

Usiku huo ndiye aliyeongoza shambulio zima juu ya mji wa Pforzheim, Ujerumani. Alizunguka juu ya mji katika ndege aina ya Lancaster, akiwaelekeza wenzake kwa redio. Ndege ya Wajerumani ikampiga: injini moja ikazimika na bunduki za nyuma zikakwama. Akapigwa tena, injini ya pili ikaharibika. Hakuondoka mpaka kazi ilipokwisha.

Kisha akageuka kurudi. Vyombo vya kumsaidia kuruka gizani vilikuwa vimeharibika. Angeweza kuamuru wote waruke palepale, lakini wangeangukia mikononi mwa adui. Akaivuta ndege ile kwa muda wa saa nzima, mpaka juu ya nchi ambazo Wajerumani walizitawala tangu 1940 na ambazo sasa zilikuwa zimekombolewa. Huko wakakuta mawingu mazito na upepo mkali. Ndege ikawa haishikiki tena.

Akawaamuru waruke. Ndege ya namna ile haiwezi kutulia kama hakuna aliyeshika usukani, kwa hiyo ilibidi mmoja abaki. Wenzake saba wakaruka na miamvuli, mmoja baada ya mwingine, wakapona. Mara tu baada ya wa mwisho kutoka, ndege ikaanguka karibu na Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa. Swales alikutwa amekufa mahali pake pa kuongozea. Alikuwa na miaka 29. Amezikwa Leopoldsburg, Ubelgiji, na alipewa nishani ya Victoria Cross.

Waliokuwa chini

Somo halijaisha. Katika dakika kama 20 za shambulio lile, watu zaidi ya 17,000 walikufa Pforzheim, wakiwemo wazee, akina mama na watoto. Usiku ni uleule, na kiongozi ni yuleyule.

Wengi wetu tuliokimbia vita tumewahi kuwa chini. Tunajua kwamba anayeitwa shujaa upande mmoja wa mto huenda analiliwa machozi upande wa pili. Basi tusiseme, "Walikuwa Wajerumani, walistahili." Katika Luka 13 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anawakataza wasikilizaji wake kuwadhania wafu wale kuwa wabaya kuliko wengine. Kumheshimu Swales kwa alivyowaokoa wenzake hakututaki tuwasahau wale waliokufa chini.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kiongozi hatangulii kutoka. Baba au mama wa nyumba, mzee wa kanisa, kijana aliyetangulia kupata kazi: jiulize, mambo yakiharibika, kodi ya nyumba ikikosekana au makaratasi yakikataliwa, ni nani anashika usukani ili wengine wavuke?

Pili, tuwaambie watoto wetu habari za vita zikiwa kamili. Mtoto aliyesikia habari za mashujaa tu atatamani vita.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, upendo wa Yohana 15:13 unaishia kwa rafiki zetu tu? Soma pia Mathayo 5:44.
2. Ni nani alibaki nyuma ili wewe upate kufika hapa Durban? Umewasimulia watoto habari zake?
3. Katika vita iliyotutoa nyumbani, ni wafu gani ambao bado hatujakubali kuwaombolezea?