Andalusia kwa wawili: kuanzia magofu hadi Ua wa Simba

Mkishaamua kwenda Hispania ya kusini, kateni tiketi ya Alhambra kabla ya tiketi ya ndege. Tiketi ya ngome hiyo ya Granada hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti ya kila mgeni, na huonyesha saa ya kuingia Kasri za Wanasri, watawala Waislamu wa Granada. Muda wenu ukipita, mlango huo hamuingii tena. Katika misimu yenye wageni wengi tiketi huisha wiki kadhaa kabla, ndiyo maana tarehe hii itangulie, hoteli na treni zifuate. Bei yake ni ndogo sana kuliko nauli, hivyo hata viza ikikwama hamtaumia sana. Someni vizuri mnachonunua: iko tiketi nafuu ya bustani na ngome peke yake, isiyowafikisha ndani ya kasri.

Watanzania, Wakenya na Waganda wanahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Cheti cha ndoa hakiunganishi maombi: kila mmoja hujaza fomu yake na kulipa yuro 90, akiwa na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Epukeni Julai na Agosti ikiwezekana, kwani joto la Sevilla na Córdoba huvuka nyuzi 40.

Wengi hukimbilia Granada kwanza. Nawashauri muanzie Córdoba, kwenye magofu. Kilomita 8 hivi magharibi mwa mji huo kuna Medina Azahara, mji wa kifalme ambao Khalifa Abd al-Rahman III alianza kuujenga mwaka 936. Haukumaliza miaka 80. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliuangusha mwanzoni mwa karne ya 11, na kwa karne nyingi watu wakachukua mawe yake kujengea kwingine. Uchimbaji ulianza mwaka 1911, na hadi leo sehemu kubwa bado iko chini ya udongo. Pitieni makumbusho kwanza, kisha mpande basi dogo la kwenda juu magofuni. Bila makumbusho mtaona kuta fupi tu. Kivuli ni haba, kwa hiyo nendeni asubuhi na maji ya kutosha. Jumatatu hufungwa.

Mjini Córdoba kwenyewe, msikiti mkuu wenye nguzo 856 umekuwa kanisa kuu tangu 1236. Waislamu wajue mapema kwamba kuswali ndani hakuruhusiwi, wasije wakagombana na walinzi.

Treni ya kasi huwafikisha Sevilla kwa dakika 45 hivi. Katika eneo la kifalme la Alcázar mtaona kasri ambalo Pedro wa Kwanza, mfalme Mkristo, alilijenga miaka ya 1360 kwa mtindo wa Kiislamu. Nusu siku inatosha.

Baada ya hapo mtaielewa Granada. Nguzo zilizolala Medina Azahara hapa zimesimama, maji yanatiririka, na simba 12 wa marumaru bado wamebeba beseni katika Ua wa Simba. Msipite haraka mkipiga picha. Aliyesoma madrasa ataweza kuyatambua maneno yanayorudiwa ukutani mara nyingi mno: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mmoja amsomee mwenzake. Ndiyo raha ya kwenda wawili. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuja pia Granada karibu miaka 20 baadaye, enzi za Sultani Yusuf wa Kwanza. Wakati ule Husuni Kubwa ya Kilwa nayo ilikuwa kasri changa, na aliyewahi kukanyaga magofu yake ataitazama Alhambra kwa jicho jingine.

Jioni ya kabla ya siku yenu, pandeni mtaa wa Albaicín hadi uwanja wa San Nicolás, muone kuta za Alhambra zikigeuka nyekundu jua likizama. Asubuhi kila mmoja abebe pasipoti yake, na mfike getini saa nzima kabla, maana kutoka lango kuu hadi kasrini ni mwendo wa robo saa au zaidi kwa miguu.