Je, mshindi wa mshindi ni mshindi?

SWALI: Juma akiwa mrefu kuliko Ali, na Ali kuliko Hamisi, basi Juma kamzidi Hamisi. Je, kanuni hii inafaa kwa kila uhusiano?

JIBU: Haifai, kwa sababu ni tabia ya baadhi ya mahusiano tu. Urefu na umri huvuka kutoka wa kwanza hadi wa tatu kwa kuwa kila mtu ana kipimo kimoja kisichobadilika kwa kubadilisha anayelinganishwa naye. Ubaba hauvuki: baba wa baba yako ni babu yako. Wala ushindi wa mpira hauvuki, mashabiki wanajua.

Utasema mpira una bahati zake. Sawa, lakini Condorcet wa Ufaransa alionyesha mwaka 1785 kwamba hata kura zilizohesabiwa kwa haki zinaweza kuzunguka. Chukua wapiga kura 3: wa kwanza anawapanga wagombea A, B, C, wa pili B, C, A, wa tatu C, A, B. A anamshinda B kwa kura 2 kwa 1, B anamshinda C vivyo hivyo, halafu C anamshinda A! Hakuna aliyejichanganya, kila mmoja ana mpangilio ulionyooka. Ila wengi wanaomtaka A mbele ya B si wengi walewale wanaomtaka B mbele ya C. Kwa hiyo, kura zikipigwa kwa wagombea wawili wawili na mshindi akakutana na aliyebaki, mpanga ratiba ana nguvu kuliko anavyoonekana: akianza na A dhidi ya B, C ndiye atakayeshinda mwishoni, akianza na B dhidi ya C, ushindi ni wa A.